Kishindo na Wajukuu wa Tetemeko

Mume wangu ananyoosha magurudumu ya baiskeli kwa masikio. Watu wakisikia hivyo hucheka, lakini ndivyo ilivyo. Analifunga gurudumu kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, analizungusha, halafu anazigonga spoki moja moja kwa ukucha huku ameinamisha kichwa. Inayolia kwa sauti nyembamba imekazwa mno, inayolia nzito imelegea. Kwa hiyo akiwa kazini anataka kimya, na kimya ndicho kitu ambacho nyumba yetu haikuwahi kuwa nacho, maana chumba cha mjukuu wetu kiko juu ya karakana, na mjukuu wetu ni mtu wa kuruka.

Jina lake analo, zuri tu, nililichagua mimi mwenyewe, lakini nani analitumia? Babu yake alimwita Kishindo tangu alipojifunza kusimama, na mtaa mzima ukamfuata. Anaruka kutoka kitandani, anaruka kutoka kwenye kiti, ngazi anaziteremka kwa miguu miwili. Vumbi la dari linamwangukia mume wangu kichwani, naye anachukua ufagio na kugonga dari kwa mpini: "Wee mke wangu! Utaiangusha nyumba!" Sauti inajibu kutoka juu: "Samahani, mume wangu!" Halafu puu, ameruka tena. Mimi niko pembeni kwenye cherehani yangu, nashona vifuniko vya viti vya baiskeli, nasema: "Mke mwenza si ulimtaka mwenyewe? Basi vumilia." Nililalamikia kelele zile kila siku, kama mtu asiye na shida nyingine duniani.

Halafu tetemeko likaja.

Sitalieleza sana. Aliyepitia anajua, na ambaye hajapitia ashukuru. Lilikuja asubuhi peupe, chai iko mezani. Nyumba yetu ilisimama, ila ukuta wa ngazi ulipata ufa wa kupitisha kidole. Wakaguzi walikuja, wakagonga kuta, wakachungulia misingi, wakasema tunaweza kukaa. Ng'ambo ya barabara, kwa fundi saa tunayemwita Mzee Saa, ukuta wa duka ulimwangukia akavunjika mguu. Mtaani kwetu hakufa mtu, na hilo nikilikumbuka moyo wangu unalegea kwa shukrani mpaka leo.

Baada ya lile kubwa wakaanza wadogo. Unakaa zako, mara sahani zinagongana kabatini, taa inayumba, mtaa mzima unatoka mbio na kusimama barabarani, mwingine na povu la sabuni usoni, kisha kila mtu anarudi ndani akijifanya hakuogopa. Mume wangu aliwapa jina. "Wajukuu wa tetemeko," alisema. "Babu mtu keshaondoka, ametuachia wajukuu wachezee kuta zetu."

Binti yetu, mama yake Kishindo, anafanya kazi kwenye kituo cha kupima matetemeko, kule kilimani nje ya mji. Tangu siku ile hakurudi nyumbani. Alikula huko, akalala huko, sakafuni kati ya mitambo yake. Mkwe wetu ni dereva wa malori ya safari ndefu, naye alikuwa amekwama mbali, barabara imefunikwa na maporomoko. Kishindo akabaki na sisi wazee wawili.

Na Kishindo akatulia.

Mwanzoni nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Aliacha kuruka. Alishuka ngazi kwa ncha za vidole, kandambili ameshika mkononi. Kikombe alikiweka mezani kama anayeweka yai. Nikamwambia mume wangu: "Umeona? Mtoto amekua. Tetemeko limemfunza kuliko wewe na ufagio wako." Kila alasiri alivuka barabara kumpelekea Mzee Saa biskuti zake, zote, bila kubakisha hata moja. Mzee Saa alikuwa amekaa nje ya lililobaki la duka lake, mguu umefungwa plasta, umewekwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Huyu mtoto ana moyo," alinipigia kelele kutoka ng'ambo, na mimi nikavimba kichwa.

Siku moja aliniambia: "Bibi, usiikanyage cherehani kwa nguvu."

"Kwa nini?"

"Sakafu inatikisika."

Nilicheka. Cherehani hii nimeikanyaga tangu mama yake hajazaliwa, itaanza leo kutikisa sakafu? Lakini hakucheka nami. Alikaa chini akaiwekea mikono miguu ya cherehani, ya chuma, akaishika hivyo mpaka nikamaliza pindo.

Jioni yake binti yangu alipiga simu. Nikaweka sauti kubwa ili mtoto amsikie. Mume wangu, ambaye hawezi kukaa bila kuuliza, akauliza: "Sasa mmeshajua limetokea wapi?"

"Tunakaribia, Baba. Tunapatafuta hasa mahali lilipoanzia. Mitambo imeandika kila kitu. Tutapapata tu."

Nikageuka nimpe mtoto simu. Hayupo. Alikuwa chini ya meza ya jikoni, magoti kifuani, mkono mdomoni. "Mwambie Mama nimelala," alininong'oneza.

Hapo nilishtuka. Mtoto wa miaka sita kuikimbia sauti ya mama yake, tena mama ambaye hajamwona tangu siku ile, hiyo si adabu. Nikamdanganya binti yangu kwamba mtoto amelala, na usiku kucha nikawa nageuka kitandani nikijiuliza mjukuu wangu amefanya nini cha kumficha mzazi wake.

Jibu lilikuja kesho yake mchana. Kishindo alikuwa anashuka ngazi kwa mwendo wake wa paka, akateleza. Miguu miwili ikatua kwa pamoja, puu, kishindo cha kwanza baada ya siku nyingi. Mimi na mume wangu tulitazamana tukatabasamu. Tabasamu halijaisha, mjukuu wa tetemeko akafika, tena mwenye nguvu. Baiskeli zilizoning'inizwa ukutani zikagongana, kopo la misumari likamwagika. Tukatoka mbio, tukasimama barabarani, nikatazama huku na huku. Mtoto hayupo.

Mume wangu alinishika mkono nisirudi. Nilimsukuma, na siku ile nadhani ningemsukuma hata simba. Nilimkuta pale pale kwenye ngazi, ameuelekea ukuta wenye ufa, viganja viwili na paji la uso amevigandamiza ukutani. Alikuwa ameshikilia nyumba isianguke. Nilipomkumbatia mwili wote ulikuwa mgumu kama ubao, na hakuwa analia.

Nilimbeba mpaka nje. Alisema masikioni mwangu: "Najitahidi kutembea polepole, Bibi. Nimeteleza tu. Sikukusudia."

"Hukukusudia nini, mke mwenzangu?"

"Kuiangusha nyumba. Na mguu wa Mzee Saa pia sikukusudia."

Nilikaa naye ukingoni mwa barabara. Akanieleza yote, taratibu, kama mtu aliyechoka kubeba mzigo. Asubuhi ile aliamka, akapanda juu ya kitanda, akaruka. Kabla Babu hajagonga dari, nyumba ikaanza kutikisika. Tangu hapo kila akisahau akakimbia, au akiangusha kitu, linakuja jingine.

"Mtoto mdogo kama wewe utaitikisaje dunia?" nikamwambia. "Mkono wako wenyewe haujazi kikombe."

Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mtoto. "Mashine ya Mama iliniona, Bibi. Siku ile tulipokwenda. Niliruka, mstari ukaruka. Mama akasema, 'Umeona? Umeitikisa ardhi.' Mkapiga makofi nyote."

Nilikumbuka. Ilikuwa siku ya familia kutembelea kituo. Kila mtoto aliruka mbele ya mtambo, akauona mstari kwenye kioo ukipanda na kushuka, na wa Kishindo ulipanda kuliko yote. Mimi mwenyewe nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Basi ningemwambia nini? Nilimwambia si kweli. Mume wangu aliapa kwa mvi zake zote kwamba ule wa 'Utaiangusha nyumba' ni utani, kwamba nyumba hii haianguki hata akiruka tembo. Mtoto alitusikiliza kwa heshima zote, na akaendelea kutembea kwa ncha za vidole. Mapenzi yetu aliyajua, lakini mashine ilikuwa imeshatoa ushahidi.

Nikampigia binti yangu. "Mama, siwezi kuondoka sasa hivi," alianza, "mitetemo inaingia kila wakati, tunatafuta..."

"Unatafuta lilipoanzia tetemeko?" nikamkatiza, na sauti yangu nikikasirika haihitaji simu. "Basi njoo ulichukue. Liko hapa kwangu, limejikunja chini ya meza."

Nilimweleza yote. Kisha akasema, "Nakuja, Mama," kwa sauti ile ya utotoni.

Alifika asubuhi na gari la kituo lililojaa vumbi. Macho mekundu, nywele hazijaona kitana. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, nikayameza. Hakukaa, hakunywa maji. Alipiga magoti, akaingia chini ya meza ya jikoni kwa mwanawe, miguu yake ikabaki nje. Mimi sikuondoka. Jikoni ni kwangu, anayetaka faragha akatafute meza nyingine.

"Umenipata?" Kishindo aliuliza.

"Nimekuja kukuona. Lilipoanzia tetemeko tumeshapapata. Ni mbali, ng'ambo ya ile milima unayoiona ukiwa dirishani kwako. Tena chini sana. Tukimteremsha Babu kwa kamba, atazeeka kabla hajafika."

"Keshazeeka."

Mlangoni mume wangu alikohoa. Ulikuwa utani wa kwanza wa Kishindo tangu siku ile, na mimi nilijifanya nakoroga kitu kwenye sufuria tupu.

"Ile mashine," binti yangu akaendelea, "ni sikio. Sikio kali mno. Ikisikia lori linapita, inaandika. Ng'ombe akipita, inaandika. Wewe ulirukia karibu nayo, ikakusikia. Lakini mlinzi aliyekaa mlangoni, si ulimwona? Alihisi kitu?"

"Alikuwa anasinzia."

"Aliendelea kusinzia. Niliposema umeitikisa ardhi nilitaka ufurahi. Nilipaswa kukwambia umeitikisa kiasi gani. Kiasi cha kutomwamsha mlinzi."

Kishindo alifikiri. "Lakini niliruka, Mama. Halafu likaja."

Ningekuwa mimi ningesema tena "si wewe" na kumpa biskuti. Binti yangu aliuma mdomo wa chini, kama alipokuwa akifanya hesabu za shule mezani hapo hapo. Kisha akajiburuta kutoka chini ya meza. "Baba, nipe gurudumu moja."

Barabara yetu ni ya mteremko, inashuka kutoka kwenye tangi la maji mpaka mlangoni petu. Mume wangu alipanda na gurudumu mpaka kwenye tangi, akihema kwa makusudi ili tumwonee huruma. Binti yangu aliegemeza ubao mlangoni, akamsimamisha mtoto kando yake. "Babu akiliachia, subiri. Likikaribia kabisa, ruka."

"Siwezi."

"Hili ni gurudumu la Babu tu. Nipo hapa, nimekushika bega."

Gurudumu likaachiwa. Lilikuja likidundadunda, likakwepa shimo, Mzee Saa akalishangilia kwa fimbo yake kana kwamba ni mashindano. Lilipokuwa karibu kutufikia, Kishindo alifumba macho akaruka, mruko mdogo wa kuku mgonjwa. Akatua. Papo hapo gurudumu likaupiga ubao, paa!

"Umeruka," mama yake akasema, "halafu likaja."

"Ndiyo."

"Nani amelileta?"

"Babu."

"Aliliachia lini?"

Mtoto akatazama juu, kwa babu yake aliyesimama mbali ameshika kiuno. "Kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla sijaruka."

"Na ungesimama tuli kama mtungi, lisingekuja?"

"Lingekuja tu." Akalitazama gurudumu lililolala, akautazama mteremko wote. Kisha akasema polepole: "Lilikuwa njiani."

"Lilikuwa njiani, mwanangu. Asubuhi ile, ulipokuwa bado unapanda kitandani, kule chini lilikuwa limeshaachiwa. Lilikuwa linakuja kwetu ndani ya mawe, wewe hujui, mimi sijui."

Alitaka turudie. Tulirudia mpaka mume wangu akagoma. Safari nyingine aliruka mapema, nyingine hakuruka kabisa, na gurudumu lilikuja vilevile. Mwishowe akavuka barabara akasimama mbele ya Mzee Saa. "Si mimi niliyekuvunja mguu," alimtangazia.

Mzee Saa hakujua hili wala lile. "Nani kasema ni wewe?" akajibu. "Ila biskuti usiache kuleta."

Nilidhani yameisha. Lakini huyu ni mtoto wa mama yake. Tulipokaa karakanani akauliza: "Na hawa wajukuu je? Babu wa tetemeko si ameondoka? Nani anawaachia?"

Binti yangu alichukua koleo, akalizungusha gurudumu lililofungwa kwenye jiliwa, na kabla mume wangu hajapiga kelele akaikata spoki moja. Ikalia paa. Mume wangu alishika kifua kama aliyechomwa yeye. Gurudumu lililokuwa limenyooka likaanza kupepesuka.

"Spoki hii ilikuwa imebeba mzigo," alisema. "Mzigo umekwenda wapi?"

Mume wangu alisahau hasira yake. Aliinamisha kichwa, akazigonga za jirani kwa ukucha, na sauti zilikuwa zimebadilika, hata mimi nilisikia. "Jirani zake wameubeba," Kishindo akasema.

"Chini kule ndivyo ilivyo. Kuna miamba miwili mikubwa kuliko nchi, inasukumana tangu kabla Bibi hajazaliwa..."

"Zamani sana basi," Kishindo akadakia.

"Wee!" nikasema.

"...inasukumana lakini imeng'ang'aniana, hakuna anayempisha mwenzake, kama Babu na Bibi wakigombea redio. Siku moja pakashindwa kushika, pakateleza. Hilo ndilo lile kubwa. Lakini mzigo haukuisha wote. Mwingine ulihamia kwenye mawe ya pembeni. Yale yaliyokuwa karibu kushindwa nayo yanateleza, moja leo, jingine kesho, kila moja likimsukumia jirani yake kilichobaki. Na maji yaliyomo kwenye nyufa yanakamuliwa, yanapenya pengine, yanaipunguzia miamba mshiko. Hao ndio wajukuu. Hakuna anayewaachia. Ni ardhi inajiweka sawa."

"Gurudumu jipya pia," mume wangu akaingilia. "Ukilikalia mara ya kwanza linalia ti, ti, ti, spoki zinajipanga. Halafu linanyamaza."

"Kama hivyo, Baba. Ila wewe gurudumu lako unajua litanyamaza lini, mimi langu sijui." Akamgeukia mtoto. "Yanapungua. Ya wiki hii ni machache kuliko ya mwanzo. Lakini siwezi kukuahidi kwamba halitakuja tena lenye nguvu."

Nilimfinya pajani. Mtoto anaambiwa hivyo? Lakini Kishindo aliitikia kwa kichwa taratibu, na mabega yake yakashuka. Nadhani hapo ndipo alipomwamini. Sisi tulikuwa tumemwahidi kila kitu.

Binti yangu alilala kwenye kitanda cha mwanawe mpaka adhuhuri, wamekumbatiana, viatu vyake miguuni. Nilimvua mimi. Alipoamka alikula amesimama, akarudi kilimani kwake, na safari hii Kishindo alimkimbilia mpaka kwenye gari.

Alasiri mume wangu alikuwa anaweka spoki mpya kwenye gurudumu lake, bado ananung'unika. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Juu kulikuwa kimya. Kisha tukasikia kitanda kinalalamika, kama mtu anayekipanda. Mume wangu akaacha kugonga. Nami nikaondoa mguu kwenye cherehani.

Puu.

Vumbi likamwangukia kichwani. Kwa mazoea mkono wake ukaenda kwenye ufagio, akauinua, halafu akabaki ameushika hewani, hajui afanye nini nao. Na ndipo baiskeli za ukutani zilipoanza kugongana, sahani jikoni zikalia.

Mungu wangu, nikasema moyoni, si sasa. Siku yoyote, saa yoyote, lakini si sasa. Tulikimbilia ngazi sote wawili, tukakwama mlangoni bega kwa bega kama vijana wanaogombea mpira, na kabla hatujajinasua ikaja sauti kutoka juu, kubwa, ile ya siku zote:

"Si mimi! Lilikuwa njiani!"

Mume wangu aliegemea mwimo wa mlango, ufagio mkononi, machozi yanamchuruzika kwenye vumbi la mashavu. Yangu sisemi.

"Tunajua, mke wangu!" akapaza sauti. "Shuka upesi tutoke nje!"

Akashuka. Ngazi zote, kwa miguu miwili.